Iache Iishe Taratibu

Mtu huyu maisha yake yote amekula upepo, na asicheke mtu, maana ni kweli tupu. Ujanani alikaa kando ya barabara na kompresa moja kuukuu iliyokohoa zaidi kuliko kufanya kazi, akijaza matairi ya baiskeli, ya mikokoteni na ya magari ya watu waliompigia honi kana kwamba yeye ndiye aliyewatoboa. Alioa kwa upepo. Alijenga kwa upepo, na kwa upepo huohuo akamsomesha ushonaji binti yake, mtoto wake wa pekee. Mkewe alikuwa na mdomo wa utani, na wageni walipokuja hakuacha kuwaambia, "Wenzangu wameolewa na wenye maduka, mimi nimeolewa na upepo. Na mnaniona nilivyonenepa!" Mumewe alikuwa mkavu wa maneno. Alitabasamu tu, akaenda kunawa mikono.

Kisha mgodi wa chumvi ulio nyuma ya mji ukaishiwa, ukafungwa, na baada ya muda wakaja watu na mitambo yao wakasema pango lile litakuwa ghala la umeme. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Umeme unawekwaje ghalani, kwenye magunia? Lakini yeye alielewa siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya barabarani, ila hii ilikuwa kubwa. Mchana jua likiwaka na upepo ukivuma, umeme unazidi mahitaji, na usipotumika unapotea. Basi unaendesha makompresa, makompresa yanashindilia hewa ndani ya pango, na pango linakaza kama tairi la lori. Jioni, nyumba zote zinapowasha taa na majiko kwa pamoja, vali zinafunguliwa, hewa inatoka kwa kishindo, inazungusha mashine, na umeme unarudi mjini. Usiku ule alimweleza mkewe kwa pampu ya baiskeli, akamshikisha mrija wa pampu uliopata moto kwa kusukumwa. Mkewe akasema, "Kwa hiyo mji mzima umekuwa baiskeli yako."

Aliajiriwa kufagia, akapanda akawa msaidizi, akapanda tena akakabidhiwa vali kubwa za ukumbi wa mashine. Ndipo alipopata jina la Valvu. Hata vijana wa ofisini waliokuja na vyeti vyao walimwita hivyohivyo, Mzee Valvu, naye aliitika.

Sasa, watu wakikaa na kazi moja muda mrefu wanaizalia lugha. Pale kazini hakuna aliyesema hewa wala mgandamizo. Walisema pumzi. Mchana pango linavuta pumzi, jioni linatoa pumzi. Pumzi ikijaa mnasimamisha makompresa. Na pumzi ya siku inapokaribia kuisha, wale wa kisimani, yaani kule kilimani bomba linapotokea ardhini, walitoa taarifa, "Pumzi inakata." Hapo huwezi kufunga vali ghafla kama mtu anayebamiza mlango kwa hasira, utaitikisa mitambo na kuta za chumvi kule chini. Jibu la Valvu lilikuwa lilelile kila jioni, na alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi: "Iache iishe taratibu, kisha funga."

Kilima kilizuia mawimbi, kwa hiyo wa kisimani hawakuweza kuongea na ukumbini moja kwa moja. Walipiga simu ya waya mpaka getini, na mlinzi wa getini akaipandisha habari ukumbini kwa simu ya upepo. Simu zile za upepo zilikuwa na ugonjwa wake. Ukibonyeza kitufe na kusema papo hapo, neno la kwanza linamezwa. Wote walijua, na wote walisahau.

Mlinzi huyo aliitwa Kasuku. Zamani hakuwa kasuku hata kidogo, alikuwa mtu wa kutia chumvi. Simu za mkononi haziruhusiwi ndani, zinaachwa getini kwenye kabati, kwa hiyo hata wake na watoto walipiga getini mtu akihitajika. Siku moja mke wa mchomeleaji alipiga kusema mumewe asisahau unga. Kasuku akamfikishia mwenzake hivi: "Mkeo anasema bila unga usikanyage pale, na sauti yake mimi sijaipenda." Mchomeleaji alilala kwa rafiki yake, akarudi kesho yake kwa mke aliyekesha akimtafuta mahospitalini. Meneja alimwita Kasuku, akamkemea vibaya sana: neno utakalopewa, lifikishe kama lilivyo, usiongeze wala usipunguze. Tangu hapo Kasuku akawa mtu wa kufikisha maneno hata kikohozi chake kikiwemo, na aliona fahari.

Mkewe Valvu akaanza kuugua. Moyo umechoka, daktari alisema, na moyo ukichoka mapafu yanajaa maji. Ngazi za mlangoni zikawa mlima. Akalala ameketi, mito mgongoni, na nyumbani nako neno pumzi likawa ndilo linalotangulia asubuhi: Pumzi ikoje leo? Imekaa vizuri. Au, leo si nzuri. Binti, aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa mji, alihamia kwa mama yake na cherehani yake ili amuuguze. Mara tatu walimkimbiza mama hospitalini hali mbaya, na mara zote alirudi, amekonda lakini yu hai, mara mbili za kwanza akiwatania manesi mpaka mlangoni.

Mara ya mwisho ndipo aliporudi hana utani. Aliketi kitandani akamwambia binti yake, baba naye akisikia, "Nimechoka kuchomwa sindano na kuvuliwa nguo mbele za watu. Sitaki kurudi kule. Baba yako akisema niende, nitakwenda, maana yeye sijawahi kumkatalia. Lakini mwingine yeyote asinibebe."

Valvu alimwambia, "Utakwenda, mke wangu. Ikibidi nitakubeba mwenyewe." Alisema hivyo wakiwa wawili tu, binti ameshatoka kwenda kuchemsha maji. Ndiyo bahati mbaya ya watu wasemao kidogo, hata hicho kidogo si kila anayepaswa kukisikia anakisikia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Jua lilikuwa kali mchana kutwa, pango lilijaa vizuri, na mashine zilianza kuzunguka jua lilipotua. Ukumbini kelele ilikuwa ya kuziba masikio, na mabomba ya kutolea yalianza kuota barafu kama kawaida yake, maana hewa ikitanuka inapoa. Valvu alisimama mbele ya saa za mgandamizo, mkono kwenye usukani wa vali. Simu ya upepo ikakwaruza kifuani pake. Sauti ya Kasuku ilisema, "...pumzi inakata. Wanauliza wafanye nini."

Ilikuwa mapema kidogo kuliko siku nyingine, lakini si mapema ya kushtua. Akabonyeza kitufe, akasubiri kidogo kama inavyotakiwa, akasema, "Iache iishe taratibu, kisha funga."

Akaendelea na kazi. Baadaye wa kisimani wakaleta taarifa kwamba pumzi inakata, akajibu vilevile, na hata hapo hakujiuliza kwa nini wameuliza mara mbili. Alidhani vijana wa kisimani wana wasiwasi.

Zamu ilipoisha alipita getini kuchukua simu yake kabatini. Kasuku alisimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mzee."

Pole ya kazi, au pole ya msiba? Neno ni hilohilo moja, ndivyo tulivyojaliwa. Mtu aliyetoka kusimama saa nyingi mbele ya vali angesikia ipi? "Asante," alijibu Valvu, "tumezoea." Akaitia simu mfukoni bila kuitazama, akashika njia, na kwa kuwa siku ilikwenda vizuri alipiga mluzi.

Aliuacha mluzi alipoona watu uani kwake. Mkewe alikuwa amelazwa chali, mito imeondolewa, na macho yamefumbwa. Binti aliketi sakafuni ameegemea kitanda. Alimwinulia baba yake uso, akamtazama kwa namna ambayo Valvu hakuielewa, kisha akainama tena. Wanawake wa jirani walisema ilikuwa ghafla, hakuteseka sana. Valvu akapiga magoti, akaushika mguu wa mkewe juu ya shuka, na akalia mbele za watu kwa sauti, mtu ambaye hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akilia.

Baadaye, alipoitazama simu yake, aliona binti yake alimpigia mara nyingi jioni ile, simu ikiwa kabatini. Akajipa jibu mwenyewe: mtoto alichanganyikiwa, akaisahau namba ya getini. Kama angeikumbuka, mimi ningekuja mbio. Jambo hilo lilimuuma kama jipu, lakini hakulisema. Angemwambiaje yatima, mama yake amezikwa jana, kwamba umekosea namba ya simu? Akalimeza. Na binti naye akameza lake, ambalo Valvu hakulijua. Alirudi kwa mumewe na cherehani yake. Baba akienda kumtembelea alipewa chai na kiti, na shikamoo ya kutimiza wajibu, kisha mashine ilianza kushona, na mazungumzo yakafa. Zamani alipokuwa akija, binti alikuwa akimpekua mifuko kama mtoto na kumwuliza amemletea nini. Valvu alisema moyoni, ni majonzi, yatapita. Mwaka ulikaribia kuzunguka na hayakupita.

Ndipo asubuhi moja Kasuku alipomwita kibandani. Alikuwa hajanyoa ndevu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimvutia benchi, akammiminia chai.

"Mzee, nikuulize kitu, na usinikasirikie."

"Uliza."

"Mama yangu yu taabani. Ndugu zangu wote wananitazama mimi niseme apelekwe au aachwe, nami kusema siwezi. Nikasema nimwulize Mzee Valvu, yeye ameshapita hapo. Ule moyo uliupata wapi?"

"Moyo upi?"

"Wa siku ile ya mama, mkeo. Binti alipopiga hapa."

Valvu alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini polepole. "Binti yangu alipiga hapa?"

"Si alipiga! Analia. Anasema mwambie baba pumzi inakata, tufanye nini. Nikakupandishia kama yalivyo. Nikasema, Nyumbani, pumzi inakata, wanauliza wafanye nini. Nawe ukajibu bila hata kutetereka, iache iishe taratibu, kisha funga." Kasuku alitikisa kichwa kwa heshima. "Nikamfikishia. Akaniuliza, baba amesema hivyo? Nikamwambia, hivyohivyo, sijaongeza wala sijapunguza. Na ulipopita hapa nikakupa pole, ukaniambia tumezoea. Nikasema moyoni, huyu ni mwanamume. Mimi nisingeweza."

"Ulisema nyumbani?"

"Ndilo neno la kwanza nililolisema, mzee."

La kwanza. Ndilo linalomezwa, Valvu akakumbuka. Alimtazama yule mlinzi mwenye macho mekundu aliyekuwa akingoja kufundishwa ujasiri, na akaona kwamba akimwambia ukweli atamvunja mtu wa pili bila faida. Akamshika bega.

"Mama yako mpeleke hospitalini. Sasa hivi. Usimwulize mtu yeyote, wala mimi."

"Lakini wewe ulisema..."

"Mpeleke!" alifoka Valvu, na Kasuku akashtuka, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akifoka.

Hakuingia kazini. Aliomba ruhusa, akauvuka mji kwa miguu, na kusema kweli alikwenda kwa haraka kama kijana. Aibu kulitaja, lakini ndani ya maumivu yale palikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Kumbe hakukosea namba! Kumbe hakuninyima habari! Kumbe ananichukia kwa jambo ambalo sikulitenda, na naweza kulitoa jambo hilo leo hii, kama mtu anavyotoa mwiba. Njiani aliyapanga maneno: Mwanangu, simu ilimeza neno. Mimi nilidhani ni wa kisimani. Ningejua ni mama yako ningeziacha mashine zile zikalipuka. Aliyarudia maneno hayo mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake akamwuliza kama anaongea naye.

Binti alikuwa kwenye chumba chake cha mbele, amezungukwa na sare za shule zinazongoja kupindwa. Mumewe hakuwepo. Alisimamisha mashine.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya mama yako."

"Afadhali umeanza wewe," binti alisema upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja mlango ufunguliwe. "Maana mimi nimeshindwa. Baba, siku ile gari la jirani lilikuwa mlangoni. Alikuwa ameshaliwasha. Tulikuwa tumemvika mama viatu. Yeye anakataa, anasema mpaka baba yako aseme. Nikapiga getini. Nikaletewa maneno yako. Nikamrudisha yule jirani na gari lake. Nikamvua mama viatu. Nikakaa naye, nikamshika, ikaisha taratibu kama ulivyosema, na macho nikamfumba."

Valvu alifungua mdomo. Binti aliinua mkono, bado hajamaliza.

"Kila siku naliona lile gari. Kila siku, baba. Nikipinda sare, naliona linaondoka. Kitu kimoja tu ndicho kinachonipa usingizi, ni kwamba wewe ndiwe uliyesema, na yeye ndiye aliyetaka wewe useme. Kwamba mlikubaliana huko kwenu, watu wazima, mume na mke, mimi nilitii tu. Kama si hivyo, basi nimemuua mama yangu mimi, kwa mkono wangu." Alimkazia macho. "Kwa hiyo niambie. Ulisema kweli? Yule mlinzi hakukosea?"

Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalikuwa hapo mdomoni pake, tayari. Yangemrudishia mtoto wake. Yangemrudishia shikamoo ya zamani na mifuko kupekuliwa. Valvu aliitazama mikono ya binti yake, iliyofanana na ya mkewe, iliyofungua kamba za viatu siku ile, na akajua kwamba akisema neno moja tu kuhusu simu, mikono ile haitapata raha mpaka inaingia kaburini.

"Hakukosea," alisema. "Nilisema."

"Kwa maneno yaleyale?"

"Yaleyale."

Wala hakusema uongo hata chembe. Binti alijifunika uso kwa sare ya mtoto asiyemjua, akalia, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Valvu alisimama katikati ya chumba, hajui aketi au amshike. Alikuwa ameinua mkono ili amshike, binti alipofunua uso.

"Basi niambie hili moja," alisema. "Kwa nini hukuja?"

Valvu aliushusha mkono.

"Ulijua anakata roho. Umeshasema iishe, haya, imekwisha. Lakini ulibaki kule mpaka zamu yako ikaisha. Alikuwa anautazama mlango, baba. Mpaka dakika ya mwisho anautazama mlango. Kisha ukaja unapiga mluzi. Nilikusikia tangu kona ya barabara, nikawaambia akina mama, si yeye, haiwezekani ni yeye. Ni wewe." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha baba yake. "Ulikuwa wapi?"

Mkewe alikuwa akiutazama mlango. Hilo Valvu alikuwa halijui, na sasa amelijua, na hakuna pa kulipeleka. Kisha akatoa jibu pekee lililobaki, ambalo halikumgusa binti wala lile gari.

"Nilikuwa kazini," alisema.

Binti alichukua sare, akaitandaza chini ya sindano, akalitafuta pindo kwa kidole.

"Nenda, baba," alisema. "Kwa yale maneno sikuchukii. Hili lingine limenishinda. Usije mpaka nikuite."

"Haya, mama," alisema Valvu.

Alitoka akaurudishia mlango taratibu ili usigonge. Siku hizi amestaafu, na asubuhi huwa ameketi mbele ya nyumba yake, simu iko pajani, sauti ameiweka juu. Binti hajamwita bado.